Redio Yenye GPS Inakata Chaji Kabla ya Jioni: Pima Kwanza, Ndipo Ulalamike

Malalamiko ni yale yale, yawe yanatoka kwa waongoza watalii wa Kilimanjaro, kwa askari wa wanyamapori au kwa nahodha wa boti ya kwenda Mafia: redio imetolewa kwenye chaja asubuhi ikiwa imejaa, kufika saa nane mchana inapiga kelele za betri kuisha. Na hukumu nayo ni ile ile: "Fundi, hii betri imekufa, niagizie nyingine." Ukimuuliza ameijuaje kwamba imekufa, hana jibu. Betri mpya inaagizwa, inafika kwa bei yake, na baada ya wiki mbili redio inazima saa nane mchana vilevile.

Nazungumzia redio za upepo za mkononi zenye GPS ndani yake. Zipo za aina ya Garmin Rino, zinazounganisha ramani na redio katika kifaa kimoja, na zipo za kidijitali kama Motorola MOTOTRBO na Hytera ambazo kazi yake kubwa ni mazungumzo, ila zina GPS ya kutuma mahali alipo mbebaji. Zote zina walaji watatu wa chaji: kurusha sauti, GPS, na skrini. Kabla ya kuilaumu betri, lazima ujue ni nani kati ya hao watatu anayekula zaidi kwenye redio yako.

Saa za kwenye boksi zinatoka wapi

Watengenezaji wengi wa redio hupima maisha ya betri kwa mgawanyo unaoitwa 5-5-90: asilimia 5 ya muda redio inarusha, asilimia 5 inapokea, asilimia 90 iko kimya inasubiri. Rino 750, kwa mfano, imetangazwa kwa saa 14. Saa hizo si uongo, lakini ni za mtu anayeongea kidogo sana.

Fanya hesabu mwenyewe. Chukua mfano wa redio ya wati 5 yenye betri ya mAh 2,000 (milliampea-saa: yaani inaweza kutoa milliampea 2,000 kwa saa moja). Ikirusha inavuta takriban milliampea 1,500, ikipokea kwa sauti 250, ikisubiri 70. Kwa mgawanyo wa 5-5-90 wastani unakuwa kama 150, na betri inafika saa 13. Washa GPS inayovuta 40 muda wote, zinabaki saa kumi na nusu. Sasa mpe redio hiyo mwongoza msafara mwenye wapagazi wengi, anayerusha asilimia 20 ya muda na kupokea asilimia 20 nyingine. Wastani unapanda hadi 430 na zaidi. Saa nne na nusu, kwisha. Hakuna kilichoharibika hapo: betri ni nzima, redio ni nzima, na malalamiko yako kwa muuzaji hayatasimama.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza mwenye redio ni "unaongea kiasi gani?", halafu ndipo nauliza betri ina umri gani. Kwenye redio za kidijitali za DMR, mfumo wa MOTOTRBO na Hytera, mambo ni nafuu kidogo, kwa sababu chaneli imegawanywa katika zamu mbili za milisekunde 30, na kirushio cha redio yako kinafanya kazi zamu moja tu. Unapoongea, nusu ya muda kimepumzika. Mtu aliyezoea redio ya dijitali akihamia ya analogia ataona betri "mbovu" siku ya kwanza.

Dalili: alama inaonyesha imejaa, ukibonyeza kuongea inazima

Hii ndiyo dalili inayoonyesha kweli kwamba betri imechoka, na ndiyo inayowachanganya watu wengi, kwa sababu alama ya chaji haikuonyesha dalili yoyote. Ndani ya betri kuna ukinzani, na ukinzani huo huongezeka kadiri betri inavyozeeka. Redio ikiwa kimya inavuta umeme kidogo, volti zinabaki juu, alama inasema imejaa. Ukibonyeza kitufe cha kuongea, umeme unaohitajika ni mara ishirini ya ule wa kusubiri, volti zinaporomoka, na redio inazima. Ni tenki lililojaa maji lakini bomba lake limeziba kutu: ukifungua kidogo maji yanatoka vizuri, ukifungua yote hayaji.

Betri nyingi za redio hizi ni za lithiamu, seli mbili zimeunganishwa kwa mfululizo. Zikijaa zinasoma volti 8.4, katikati ni kama 7.4, na redio nyingi hujizima zikikaribia 6. Kuzipima kwa mita bila mzigo hakusaidii sana. Tumia mbinu ya mafundi: chukua balbu ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21. Kwenye betri ya volti 7.4 balbu hiyo inavuta kama ampea 1.3, karibu sawa na redio inayorusha kwa wati 5. Jaza betri, iache itulie nusu saa, pima volti, kisha unganisha balbu kwa sekunde kumi huku ukiangalia mita. Ikishuka kutoka 8.3 hadi 7.8, betri ina nguvu. Ikianguka chini ya 7 wakati imetoka kwenye chaja, hiyo tafuta nyingine, na sasa una namba ya kumwonyesha muuzaji. Angalia tu waya zisigusane: betri hizi ni ndogo lakini shoti yake inaunguza vidole.

Kabla ya kuhitimisha, safisha vichwa vya shaba vya betri na vya redio. Jasho, vumbi la volkeno la huku kwetu Kaskazini, na chumvi kwa watu wa pwani hutengeneza utando mwembamba unaofanya kazi ileile ya ukinzani. Kifutio cha penseli na pamba yenye spiriti vinatosha. Usitumie msasa, utaondoa lile koti la dhahabu na kutu itarudi kwa kasi zaidi. Betri kadhaa zilizoletwa kwangu kama marehemu zilifufuka kwa kifutio.

Dalili: inaisha ndani ya saa moja na nusu, na redio ina moto

Hapa betri haina hatia kabisa. Redio inarusha muda wote. Tazama taa ndogo ya juu: kama ni nyekundu bila mtu kubonyeza, kitufe cha kuongea kimekwama. Matope yaliyokauka pembeni mwa kitufe, maikrofoni ya begani yenye waya uliochubuka, au redio iliyosukumwa ndani ya begi na kubanwa na chupa ya maji. Betri ya mAh 2,000 ikivutwa milliampea 1,500 mfululizo inaisha kwa saa moja na dakika ishirini, na wakati huo wote umewafungia wenzako chaneli. Chomoa maikrofoni ya nje kwanza. Taa ikizima, umeshampata mkosaji. Mwambie pia aliyekupangia redio aweke kikomo cha kurusha cha sekunde 60. Karibu kila redio ya kikazi ina mpangilio huo.

Kisababishi kingine kinachofanana na hiki ni kuwashwa kwa VOX, yaani redio kujirusha yenyewe ikisikia sauti. Kwenye upepo wa kambi ya Barafu mlimani au kwenye boti yenye injini, VOX haijui tofauti kati ya mtu na kelele.

Antena nayo iangalie. Antena iliyokatika ndani ya ganda lake la mpira haionekani kwa macho. Dalili yake ni kwamba kila mtu anakwambia "rudia, sijakupata", nawe unarudia, na kila marudio ni milliampea 1,500. Azima antena ya mwenzako mwenye redio ya aina hiyohiyo ulinganishe.

Dalili: inashuka taratibu siku nzima hata bila mtu kuongea

Kama hujabonyeza kitufe tangu asubuhi na bado imebaki nusu mchana, mtafute mlaji kwenye menyu za kifaa.

GPS ndiyo ya kwanza. Kipokezi kinachoona anga wazi kinafanya kazi kwa utulivu, lakini kikiwa chini ya msitu mzito kinahangaika. Ukanda wa msitu wa Kilimanjaro, takriban kati ya mita 1,800 na 2,800, una majani mabichi yenye maji, na mawimbi ya GPS ya megahezi 1,575.42 yanafika ardhini yakiwa dhaifu mno tangu mwanzo. Kipokezi kinapoteza setelaiti, kinatafuta, kinapata, kinapoteza tena. Kila kutafuta kunakula zaidi kuliko kufuatilia. Na taarifa za mzunguko wa kila setelaiti zinahitaji kupokelewa bila kukatika kwa sekunde 30 hivi, na hukaa zikiwa na manufaa kwa saa chache tu. Kwa hiyo washa redio mahali pa wazi, getini kabla hujaingia msituni, uiache dakika chache ishike setelaiti zake. Kuiwasha ukiwa tayari chini ya miti ni kuipa kazi mara mbili.

Ya pili ni WAAS na EGNOS, mifumo ya kusahihisha GPS. WAAS ni ya Amerika ya Kaskazini na EGNOS ni ya Ulaya. Masahihisho yake hayakukokotolewa kwa ajili ya Afrika Mashariki, lakini Garmin nyingi zinakuja zikiwa zimewashwa, na kifaa kinaendelea kuzitafuta. Zima. Hupotezi chochote.

Ya tatu inawahusu watu wa hifadhi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua betri nyingi kuliko zote: kutuma mahali ulipo. Kila redio inapotuma nukta yake kwenye ramani ya ofisini, inarusha. Ukiipanga itume kila sekunde 30 na kila utumaji uchukue sekunde moja, umeongeza wastani wa milliampea 50, zaidi ya GPS yenyewe. Ukiipanga kila dakika tano, unabaki na milliampea tano. Askari anayetembea kwa miguu haendi mbali ndani ya dakika tano. Hao wa ofisini wanaopenda kuona nukta zikitembea kama kwenye sinema hawabebi betri mgongoni, kwa hiyo anayeamua muda wa kutuma awe mtu aliyewahi kwenda doria. Kwenye gari, ambako redio inachajiwa, weka muda mfupi upendavyo.

Rino nazo hutuma mahali ulipo kwa wenzako, ila zimefungwa na kanuni za Marekani: data isizidi sekunde moja, na isitumwe mara nyingi zaidi ya mara moja kila sekunde 30. Mtu asikuuzie wazo kwamba kuna mpangilio wa siri wa kuifanya itume haraka zaidi.

Halafu skrini. Mwanga ukiwekwa juu kabisa na usizime, unaweza kula kuliko GPS. Weka ujizime baada ya sekunde 15. Skrini nyingi za vifaa hivi zinasomeka vizuri juani bila mwanga wowote, kwa sababu zimetengenezwa zirudishe mwanga wa jua. Zima pia kupekua chaneli kama kikundi chenu kina chaneli moja tu, na usiiache wazi skwechi, yaani kichujio kinachonyamazisha kelele chaneli ikiwa tupu: spika inayonguruma "shhhh" kutwa nzima inalipwa na betri.

Ukitaka uhakika, fanya jaribio la siku tatu nyumbani. Siku ya kwanza redio iwashwe na kila kitu kizimwe isipokuwa redio yenyewe. Siku ya pili washa GPS, iweke dirishani. Siku ya tatu itumie kazini kama kawaida. Andika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Tofauti kati ya siku hizo ndiyo jibu lako. Redio iliyofika saa 20 siku ya kwanza na saa 6 siku ya tatu ina betri nzima na mtumiaji mzungumzaji.

Dalili: mjini Moshi inafika jioni, mlimani inakata

Betri ya lithiamu huchukia baridi. Usiku wa kupanda kileleni, kutoka Barafu kwenye mita 4,673 au Kibo kwenye mita 4,720, watu huondoka karibu saa sita usiku, na alfajiri pale Uhuru, mita 5,895, joto huweza kuwa nyuzi 10 au zaidi chini ya sifuri. Kemia ya ndani inapungua kasi, ukinzani unapanda, na yale yale ya kuzima ukibonyeza kuongea yanatokea hata kwa betri mpya. Ukishuka Mweka ukaipasha joto, chaji "inarudi". Haikuwahi kupotea.

Dawa si betri kubwa zaidi. Weka redio ndani ya koti, karibu na mwili, utumie maikrofoni ya begani. GPS itapungua usahihi kidogo chini ya koti, lakini hakuna mwongozaji anayehitaji GPS kumwelekeza njia ya Stella Point. Betri ya akiba ilale nawe kwenye begi la kulalia. Na punguza nguvu ya kurusha kutoka wati 5 hadi 1 mnapoonana macho kwa macho mlimani: hapo kinachoamua ni kuonekana, na kwenye mteremko ulio wazi wati 1 inafika.

Kosa la hatari ni kuchaji betri ikiwa bado ya baridi kali. Chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hujibandika ndani ya seli kama metali badala ya kuingia mahali pake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kambini, pasha betri mwilini kwanza, ndipo uiunganishe na sola.

Chaji na joto

Upande wa pili ni joto. Kikomo cha kawaida cha kuchaji lithiamu ni nyuzi 45, na dashibodi ya Land Cruiser iliyoegeshwa juani Tsavo inavuka hapo bila shida. Chaja nzuri itagoma kuchaji, taa itawakawaka, na watu watasema chaja imekufa. Ipeleke kivulini. Chaja isiyo ya asili haitagoma, itaendelea tu, na betri itavimba. Betri iliyovimba, hata kama bado inafanya kazi, usiichaji tena na usiitoboe.

Taa ikiwaka nyekundu usiku kucha bila kuwa kijani, angalia umeme wenyewe kabla ya chaja. Inveta za bei rahisi na soketi za sigara za magari ya zamani hushusha volti, na chaja inajikongoja bila kumaliza.

Betri iliyokaa kabatini msimu mzima wa mvua ikasoma volti 0 huenda haijafa. Ulinzi wake wa ndani umejifunga. Iache kwenye chaja yake halisi kwa saa kadhaa, nyingine huamka. Usiiamshe kwa waya kutoka betri ya gari, hata kama umeona mtu akifanya. Na msimu ukiisha, zihifadhi zikiwa karibu nusu, mahali pa baridi, si zikiwa zimejaa.

Kwa wanaotumia betri za AA

Rino za mwanzo zilitumia AA, na baadhi ya mpya zina kasha la AA la hiari. Kama kifaa chako kina menyu ya kuchagua aina ya betri, chagua kwa usahihi. Alkali mpya ina volti 1.5, ya kuchajiwa ya NiMH ina 1.2. Kifaa kikidhani NiMH ni alkali kitakuonyesha betri imeisha wakati bado ina nusu. Alkali za dukani pia hazifai baridi. Kwa mlimani nunua AA za lithiamu zisizochajiwa, zinavumilia hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Tarehe ya miaka ya nyuma

Hili si la betri lakini huletwa pamoja nalo. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili 2019. Kifaa cha zamani kisichosasishwa kinaweza kuonyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20, na baadhi huchukua muda mrefu kushika setelaiti. Sasisha programu ya ndani ya kifaa. Kama mtengenezaji hakutoa sasisho, mahali unapoonyeshwa mara nyingi bado ni sahihi, ni kalenda tu iliyopotea.

Betri mpya mbovu kuliko ya zamani

Pima uzito. Ulaghai wa betri uko kwenye lebo, na lebo haina uzito. Seli ya ukubwa wa 18650, ile ya mviringo ya kwenye tochi, kwa teknolojia iliyozoeleka hufika mAh 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha bila kuijaribu. Kwa betri za redio, ile halisi na ya bandia zenye namba moja zikiwekwa kwenye mizani ya sonara, ya bandia mara nyingi ni nyepesi waziwazi. Redio za MOTOTRBO zinazotumia betri za IMPRES, zenye chipu ndani, hukuonyesha taarifa za betri kwenye menyu. Betri iliyouzwa kama IMPRES ila haina chipu hiyo haitaonyesha kitu. Hapo umeijua ya bandia.

Sasa piga simu ya huduma kwa wateja

Ukifika hapa bila kupata sababu, au balbu ya breki imeihukumu betri, ni halali kulalamika. Lakini nenda na vitu mkononi. Huduma kwa wateja ikisikia "redio haikai na chaji" itakutumia orodha ya maswali, na kila swali linakugharimu siku moja.

Anza na risiti. Risiti ya EFD huchapwa kwa karatasi ya joto na hufutika ndani ya miezi; ipige picha siku uliyonunua. Waranti ya kawaida ya Garmin ni mwaka mmoja tangu ununuzi, na betri huhesabiwa kama kitu cha kutumika na kwisha, isipokuwa kasoro iwe ya utengenezaji. Hapo ndipo namba zako za balbu na za siku tatu zinapofanya kazi: "imezeeka" hailipwi, "ilianguka hadi volti 6.4 kwa ampea 1.3 ikiwa na mwezi mmoja" ni kasoro.

Ujumbe kwa muuzaji wa hapa unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi. Nilinunua kwenu redio aina ya [modeli] tarehe [..], risiti nimeambatanisha pamoja na picha ya namba ya kifaa na ya betri. Betri ikitoka kwenye chaja yake halisi inasoma volti 8.3, na kwa mzigo wa ampea 1.3 inaanguka hadi 6.4 ndani ya sekunde kumi. Vichwa vimesafishwa, maikrofoni ya nje imechomolewa, programu ya ndani imesasishwa hadi toleo [..]. Betri ya mwenzangu ya modeli hiyohiyo kwenye redio yangu inafika saa 11. Naomba namba ya kesi na mniambie kama nilete betri peke yake au na redio."

Sentensi ya betri ya mwenzako ndiyo yenye uzito kuliko zote. Inatenganisha redio na betri, na inaziba lile jibu la "lete kifaa chote tukiangalie" ambalo hukuacha wiki tatu bila redio. Muuzaji mmoja niliyewahi kumpelekea kesi bila sentensi hiyo alikaa na redio hadi msimu wa watalii ukaisha, akairudisha na maneno "imeonekana nzima". Omba namba ya kesi daima. Mazungumzo ya WhatsApp na kijana wa kaunta si kesi.

Ukilazimika kuwapigia Garmin wenyewe Olathe, Kansas, kumbuka saa: kwao ikiwa saa 2 asubuhi, hapa ni saa 10 au 11 jioni, kulingana na msimu wao. Asubuhi yako wao wamelala. Jambo la pili: Rino zimetengenezwa kwa FRS na GMRS, huduma za redio za mkononi za Marekani, kwenye megahezi 462 na 467. Leseni ya GMRS ya Marekani haikupi ruhusa hapa. Masafa ya Tanzania yanasimamiwa na TCRA na ya Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa hiyo aliyeletewa Rino na mgeni kama zawadi asishangae wakala wa hapa akisema haihudumii. Waranti pia huenda ikabidi idaiwe kwenye nchi ilikonunuliwa.

Usafirishaji ndio unaochelewesha kuliko watu. Tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zilizofungwa peke yake, kundi la UN3480, haziruhusiwi kwenda kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo lazima chaji isizidi asilimia 30. Betri iliyo ndani ya kifaa au iliyofungwa pamoja nacho ni UN3481 na ina masharti mepesi zaidi. Ndiyo maana betri uliyoiagiza "kwa ndege" hukwama kwa wakala wa mizigo. Njia ya haraka mara nyingi ni mtu anayesafiri: betri ya volti 7.4 na mAh 2,000 ni watt-saa 14.8, mbali chini ya kikomo cha 100, na inaruhusiwa kwenye begi la mkononi ikiwa vichwa vyake vimefunikwa kwa utepe wa plastiki wa kunata. Kwenye begi la kukabidhi haikubaliki.

Ikiwa muuzaji alikuuzia betri bandia kama halisi na anakataa kurudisha pesa, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya kuna mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Wapelekee betri yenyewe, risiti, na picha ya mizani ikiwa na betri zote mbili, ya asili na ya kwako. Usiwape nakala yako pekee ya risiti.